Pini Midomoni

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga. Karatasi yake ya nje ilishabanduka zamani, na sasa kazi yake ilikuwa kupokea makohozi ya mama mkwe. Lilikaa juu ya stuli kando ya kitanda, limefunikwa kwa kisahani cha kikombe kilichovunjika, na kila asubuhi Fundi alilibeba hadi chooni, akalimwaga, akalisuuza na kulirudisha. Alilibeba amenyoosha mkono mbele kama aliyeshika paka mwenye kichaa.

Alikuwa hatazami ndani. Lakini macho nayo yana ukaidi wao: ukiyaambia yasitazame, ndipo yanapochungulia. Asubuhi hiyo yalichungulia. Yaliona kitu cha kijani chenye uzi mwekundu katikati, kizito, kinavutika kama ute wa yai viza, kimeng'ang'ania ukingo wa kopo kinakataa kuanguka. Fundi alilitikisa. Kikarefuka, kikaning'inia, hakikukatika. Ikabidi alipigepige kopo kwenye ukingo wa choo, na tone moja likamrukia kwenye kifundo cha mkono. Lilikuwa baridi.

Aliusugua mkono kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kusafishia sakafu, kisha kwa sabuni tena, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Bado alilisikia lile tone pale pale lilipoangukia.

Mtaani walimwita Fundi, na mumewe naye akiwa na furaha alimwita hivyo hivyo. Alishona magauni ya harusi. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, imefunikwa shuka safi, na usafi wa mwanamke huyo ulikuwa gumzo. Unywele ukidondoka kwenye satini nyeupe aliuokota kwa ncha ya pini, si kwa kidole. Bibi harusi akija kupimwa aliambiwa avue viatu mlangoni, na mama yake naye avue, na shangazi zake wote wavue. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mgonjwa wa kiharusi.

Tena hakuletewa kwa kukosa pa kumpeleka. Mama mkwe alikuwa na binti wa kumzaa, mwenye nyumba ghorofani, yenye maji ya moto na kila kitu. Lakini siku ya kutoka hospitali, walipomuuliza anataka kwenda kwa nani, bibi yule aliuinua mkono wake mzima, wa kushoto, akakipitisha kidole mbele ya binti yake, akakipitisha mbele ya mwanawe, akakielekeza kwa Fundi. Wote walishangaa. Fundi alishangaa kuliko wote, maana katika miaka yote ya kuwa wakwe, wawili hao walikuwa wakiheshimiana kwa mbali, kama watu wanaopishana kwenye ngazi nyembamba.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alilia kidogo, akashukuru sana, akawasha gari akaenda zake.

Basi Fundi akabaki na mama. Kumgeuza, kumwosha, kumbadilisha nepi za watu wazima ambazo zikijaa huwa nzito kama mtoto aliyelala. Juu ya makalio palikuwa na kidonda cha kulalia, upana wa kifuniko cha soda, kingo zake nyeupe zimelowana kama kidole kilichokaa majini siku nzima, na katikati kulikuwa na kitu cha manjano kilichotoa harufu tamu. Harufu mbaya Fundi angeizoea. Ile ilikuwa tamu, kama tunda lililosahaulika mfukoni, na ndiyo iliyomfuata mpaka kwenye sahani yake. Tena kulikuwa na meno ya bandia ya mama, yaliyolala kwenye glasi ya maji yakimchekea.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa kulisha. Upande wa kulia wa mdomo wa mama ulikuwa umelegea. Kijiko cha uji kikiingia, nusu ilirudi, imeshachanganyika na mate, ikashuka kidevuni taratibu, ndefu, vuguvugu, na kazi ya Fundi ilikuwa kuikwangua kwa kijiko kile kile na kuirudisha ndani. Kuikwangua na kuirudisha. Mpaka bakuli liishe.

Siku moja mchana tumbo lilimsaliti. Alikuwa amekwangua, anarudisha, mara koo likatoa sauti yenyewe, "Hoo!", sauti ya mtu anayetaka kutapika, akageukia ukutani na mkono mdomoni. Alipogeuka tena, mama alikuwa amefumba midomo. Jicho lake zima lilimtazama Fundi, likamtazama sana, kisha bibi akauinua mkono wa kushoto na kulisukuma bakuli polepole. Hakula tena mchana ule.

Fundi alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, mguu juu ya pedali, asishone. Aliwaza: huyu mama ataacha kula kwa sababu ya uso wangu. Atakufa kwa uso wangu.

Nesi wa kutembelea wagonjwa alipokuja kufunga kidonda, Fundi alimvuta sebuleni na kumweleza yote. Nesi alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye kutembea na mkoba mkubwa kuliko yeye.

"Dada, kinyaa si dhambi," alisema. "Hata mimi ninacho."

"Wewe? Na ile kazi unayoifanya mle ndani?"

"Kuna siku natoka hapa natema mate mpaka kwangu. Sikia, nikufundishe zoezi tulilofundishwa. Ni zoezi la akili, wala halina gharama. Asubuhi, kabla hujaingia kwa mama, kaa hapo kwenye kiti chako. Mgongo wima. Sikia miguu yako imegusa sakafu. Halafu fuata pumzi yako, inaingia puani, inatoka puani. Basi."

"Nipumue puani?" Fundi alitoa macho. "Humu ndani? Nesi, ningekuwa na uwezo ningeziba na masikio."

Nesi alicheka mpaka mkoba ukamteleza begani. "Puani, dada. Na kinyaa kikija, maana kitakuja tu, usikifukuze wala usikikimbie. Kiambie: nimekuona, keti. Kisha urudi kwenye pumzi."

"Mgeni wa namna hiyo nikimwambia keti ataomba na kitanda."

"Hataomba. Mgeni ukimkimbia ndipo anakufuata jikoni. Ukimkaribisha, anachoka mwenyewe." Kisha nesi akaacha kucheka. "Lakini fanya kweli, dada. Mama amekonda. Kidonda hakijengwi na bandeji, kinajengwa na chakula. Asipokula, hakitafunga, na sumu yake ikiingia kwenye damu tutampoteza."

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi kidogo. Hakuna aliyeuangalia.

Fundi alilifanya lile zoezi, tena kwa bidii, maana hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa mkono mmoja. Kila asubuhi alikaa, miguu sakafuni, akafuata pumzi. Siku za mwanzo akili ilirukaruka kama bobini ya uzi iliyodondoka: mara kitambaa cha lesi hakitoshi, mara jirani kaazima pasi hajarudisha. Lakini pole pole ikawa inatulia. Usingizi ukawa na maana. Fundi alimsifu nesi kimoyomoyo.

Tatizo ni kwamba alilifuata zoezi nusu. Akiwa ametulia pale kitini, siku moja aliona akilini chumba. Chumba cheupe kitupu, sakafu nyeupe, dirisha lenye pazia jeupe lililonyooshwa, na harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa chenye wanga. Lo, utamu ulioje! Hakuna mtu, hakuna kopo, hakuna mate. Fundi aliingia, akafunga mlango. Tangu siku hiyo akawa anakwenda huko si asubuhi tu. Akishika nepi, anaingia chumba cheupe. Akigeuza mwili, anaingia chumba cheupe. Lile la kumwambia kinyaa keti alilisahau, au tuseme alilikwepa, kwa sababu nani anapenda kuketi na uchafu wakati ana pazia la kwenda kujificha?

Ikabaki sura. Akili ilikuwa mbali, lakini uso ulibaki kitandani peke yake, na uso bila mwenyewe hufanya unavyotaka. Pua ilijikunja, mdomo ukapinda. Ndipo Fundi akapata akili ya kifundi. Mshona nguo akipima gauni mwilini mwa mtu hushika pini kwa midomo, na mwenye pini midomoni hatabasamu, hanuni, hasemi. Uso wote unakuwa kama ubao, maana ukicheza unachomwa. Tena mdomo ukiwa na pini, pumzi haina njia ila puani, kama alivyosema nesi. Fundi alijiona amevumbua dawa. Wakati wa kulisha akabana pini midomoni, vichwa vyake vidogo vikiwa vimepangana kama meno ya samaki, akaingia chumba chake cheupe, na mkono ukalisha wenyewe.

Mkono ulilisha vibaya. Kijiko kiligonga ufizi. Uji ukawa wa moto leo, kesho umepoa mpaka umefanya utando. Uliomwagika kidevuni ulikaukia hapo hapo ukawa kama gundi, na shingoni kwenye mikunjo ukachacha. Fundi hakuona. Hakuwepo.

Mama akaacha kula kabisa.

Hakulia wala hakugomba. Kijiko kikija, midomo inafungwa, upande mzima ukiukaza ule mbovu kama mtu anayefunga mlango wenye bawaba mbovu kwa bega. Fundi alijaribu uji, akajaribu supu, akajaribu ndizi ya kuponda. Kitu pekee bibi alichokubali ni maji, tena ya kulowanisha kitambaa na kunyonya.

Wifi, yule binti wa ghorofani, alikuja siku moja kutoka kazini. Alikuwa mwanamke wa ofisi, mwenye marashi yanayotangulia kuingia ndani kabla yake. Alisimama mlangoni mwa chumba, akatabasamu.

"Mama yangu mzuri! Umependeza! Unanukia vizuri!" Hakupita kizingiti. Alipomvuta Fundi sebuleni tabasamu lilikwisha. "Wifi, mama amebaki mifupa. Unamlisha nini, uzi?"

"Hali, wifi. Nimejaribu kila kitu."

"Hali kwako. Jumamosi nakuja na teksi namchukua."

"Na ukiwa kazini atakaa na nani?"

"Nitamwachia televisheni. Mlinzi wa geti atakuwa anapita kumchungulia."

Fundi alimtazama wifi yake, kisha, tuseme ukweli tu, kitu fulani ndani yake kilipiga vigelegele. Jumamosi! Hakuna kopo, hakuna meno kwenye glasi. Angemwaga dawa sakafuni, angefungua madirisha yote, angeliweka gauni jeupe kitandani pale pale mama alipokuwa amelala. Furaha ile ilidumu kama unavyodumu moto wa kiberiti. Baada yake alijisikia kinyaa kingine ambacho hakikutoka kwenye kopo wala kwenye kidonda. Mlinzi wa geti! Nani angemgeuza? Asiyegeuzwa, kidonda kinakula mpaka mfupa. Mama angekwenda kule kufa mbele ya televisheni.

Ijumaa mchana aliingia na bakuli. Alishusha pumzi, akabana pini, akafungua mlango wa chumba chake cheupe na kuunyanyua mkono. Kijiko kikagota kwenye midomo iliyofungwa. Akabonyeza kidogo. Midomo ikafunguka, na Fundi, huko alikokuwa, akafurahi. Mama akaupokea uji wote, akaushikilia shavuni, akautema. *Pfuu!* Ulimpata Fundi usoni, kwenye jicho, kwenye pua, ukachirizika mpaka midomoni na kusimama kati ya pini na pini. Vuguvugu. Mzito. Mchachu kidogo.

Pazia jeupe likaanguka, na chumba kizima kikaanguka nalo.

"Uko wapi?" mama aliuliza. Maneno yake siku hizi yalitoka yamelowa, lakini haya yalikuwa wazi.

Fundi hakuweza kujibu. Alikuwa na pini.

"Toa hizo. Unataka kunishona mdomo?"

Alizitoa moja moja, kila moja na uzi wake wa mate na uji, akazichomeka kifuani mwa gauni lake bila kujua anachofanya. "Nipo hapa, mama."

"Hupo. Nalishwa na ukuta."

Na kwa kuwa uji ulikuwa umemwingia puani, na harufu ya mdomo wa mama ilikuwa ndani ya uji, na hakukuwa tena na pini za kumzuia, uso wa Fundi ulifanya yote uliyokatazwa. Pua ilijikunja, mdomo ukapinda mpaka sikioni, ulimi ukatoka nje wenyewe, koo likasema "Hoo!" mara tatu mfululizo. Machozi yalimtoka.

"Mama, nisamehe. Nasikia kinyaa. Kila siku. Nimejaribu kukiua, hakifi."

Mama alikuwa anatikisa mwili. Fundi alidhani ni degedege, akaruka kumshika, kumbe ni kicheko. Kilitoka upande mmoja wa mdomo kikivuja mate.

"Huyo," mama alisema. "Huyo ndiye niliyemchagua."

"Nani, mama?"

"Mwenye huo uso. Unakumbuka nilipowapikia mchuzi ulioungua? Binti yangu alisema mtamu. Mwanangu akasema mtamu. Wewe ulikunja uso hivyo hivyo, ukanywa maji." Alipumzika, akameza. "Kwa binti yangu nitaoza naambiwa nanukia. Kwako, nikioza, nitajua."

Fundi alikaa kitandani. Aliusahau uji uliokuwa ukikauka kwenye nyusi.

"Lakini siku ile nilipogeukia ukutani, ulilisukuma bakuli."

"Si kwa ajili yako." Jicho zima lilishuka kidevuni, kwenye kitambaa cha kukingia mate. "Mimi nimefanya usafi hotelini maisha yangu yote. Nilikuwa nikiona unywele wa mtu kwenye sinki, sili mpaka jioni. Sasa nimekuwa sinki. Unafikiri ni wewe tu unayesikia hiyo harufu? Mimi nimelala nayo. Uji unaingia mzuri, unarudi umekuwa mimi, na unaniambia nimeze."

Fundi hakuwa amewahi kuliwaza hilo hata mara moja. Katika kusugua kwake kote, aliona kinyaa ni mali yake peke yake.

"Sasa ulikuwa unakulaje, mama?"

"Zoezi la nesi."

"Zoezi lipi?"

"Mlango ulikuwa wazi, mwanangu. Mimi nina kazi gani nyingine humu? Nafuata pumzi kutwa. Inaingia, inatoka. Kinyaa kikija nakiambia keti, nakula nacho. Nilikuwa naweza nikikuona na wewe umekunja uso, najua tuko wawili. Ulipoondoka nikabaki nacho peke yangu. Nikashindwa." Aliuinua mkono wa kushoto, akakinyoosha kidole kile kile cha hospitali. "Nesi alisema keti. Wapi alisema kimbia?"

Fundi aliinuka kitandani. Kisha akaenda kunawa uso, akatengeneza uji mwingine, akaupoza, akaupima joto kwa kuugusisha kwenye kifundo cha mkono, pale pale lilipoangukia lile tone, akarudi na kukaa wima, miguu sakafuni.

"Tayari, mama?"

"Pumua kwanza."

Walipumua. Harufu ya kidonda iliingia, tamu, ya tunda lililooza. Nimekuona, Fundi aliiambia. Keti. Haikupungua hata chembe. Lakini haikumsukuma mlangoni pia; ilikaa tu, nene na chafu, kama mtu asiyeoga kwenye foleni. Kijiko kikaingia. Nusu ikarudi. Fundi akaikwangua, uso umejikunja mpaka macho yamebaki vijistari, na mama akaipokea, uso wake nao umejikunja upande ule unaoweza kujikunja. Wakatazamana hivyo, wawili wamenuna kama waliolishwa shubiri, mpaka bakuli likaisha nusu. Ilikuwa nusu zaidi ya siku zote zile.

Jumamosi teksi ilipiga honi nje. Marashi yakaingia, wifi akafuata, na safari hii ilibidi apite kizingiti maana alikuja kubeba. Alikuta bakuli tupu miguuni, na Fundi amemkunjia mama uso kama mtu aliyemeza nzi.

"Wifi! Unamfanyia mama yangu sura gani hiyo?"

"Mwache," mama alisema. "Ndiye ninayekula naye."

"Mama, umekula?" Wifi alisogea, akajigonga kwenye stuli. Kisahani kikateleza, kopo likabaki wazi, na macho ya wifi, maskini, nayo yakachungulia. Rangi ilimtoka. Hata hivyo alijikaza akatabasamu, tabasamu lenye jasho. "Mama... unanukia vizuri."

"Muongo."

Wifi alisimama katikati ya chumba, tabasamu halijui pa kwenda. Alikuwa amezuia pumzi tangu alipoingia, na sasa zilikuwa zinamwishia. Honi ikalia tena.

"Kamwambie dereva wa teksi aende," mama alimwambia Fundi. "Siendi popote. Na wewe binti yangu, pumua, utaanguka."

Wifi akapumua. Alivuta pumzi moja kubwa puani kwa lazima, ikaingia yote, kidonda, nepi, kopo na mate ya uji, na uso wake mzuri wa ofisini ukakunjika kama karatasi, ulimi nje, "Hoo!"

Mama alimtazama kwa furaha kubwa.

"Nimekuona," alisema. "Keti."

Fundi alikwenda kumruhusu dereva, akarudi akawakuta, mmoja anavuja mate, mwingine anafuta machozi, akalichukua kopo. Hakulinyoosha mbali. Alilibeba karibu na tumbo kama watu wanavyobeba vyombo, akalifikisha chooni, akatazama ndani kwa makusudi. Kitu cha kijani kilikuwepo, na uzi wake mwekundu. Kilikuwa kinachukiza kama jana, labda zaidi. Akapumua puani, akakimwaga, akatema mate, akatema tena, akashika brashi.